Siri ya mapenzi ya ndege kongwe katika nyika ya Kitengela

MSAFIRI anayeshika barabara kuu ya Namanga asubuhi ya wikendi, akauacha mji wa Athi River nyuma na kuingia Kitengela, huenda akasikia mngurumo usiofanana na wa matatu wala wa lori la mchanga.

Ni sauti nzito inayokatikakatika, mithili ya pikipiki kuukuu inayopanda mlima, nayo hutoka juu. Akiinua macho aweza kuona ndege ndogo yenye mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, yaliyoshikanishwa kwa vigingi na nyaya, huku kichwa cha rubani kikiwa wazi kwenye upepo.

Ndege ya namna hiyo aghalabu humzidi umri baba yake msafiri, na pengine babu yake. Mwendo wake wa kawaida, takriban kilomita 145 kwa saa, unaweza kufikiwa na gari dogo ambalo dereva wake haogopi polisi. Haina kompyuta. Redio yake, iwapo ipo, iliongezwa miaka mingi baada ya kuundwa.

Hata hivyo, wapo watu wazima wenye kazi na familia ambao hutumia kila akiba na kila siku ya mapumziko kuihudumia, kuipaka mafuta, kuifuta vumbi na kuipaisha kwa nusu saa tu. Jirani asiyejua jambo hili hulitazama na kutikisa kichwa. Uraibu huu una mvuto gani?

Jibu linaanzia ardhini. Kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi kuna nyanda za Athi na Kapiti, zinazotandaa kuelekea Isinya na mji wa Kajiado. Ni nyika tambarare yenye nyasi fupi na miti michache, na humo ndimo ulimo Orly Airpark, uwanja wa kibinafsi ambapo wenye ndege ndogo huziweka katika mabanda yao, mbali na msongamano wa uwanja wa Wilson jijini Nairobi.

Tofauti ya viwanja hivyo viwili ni kubwa. Wilson ni uwanja wa kazi: ndege za watalii, za miraa, za misaada na za wanafunzi wa urubani hupishana humo kutwa nzima. Kwenye nyika ya Kajiado, mwenye ndege ya mwaka 1940 hahitaji kusubiri nyuma ya foleni huku injini yake isiyo na feni ikichemka.

Ili kuelewa mapenzi haya, ni vyema kuitazama kwa karibu ndege mojawapo inayoenziwa mno na mashabiki kote duniani, nayo ni Tiger Moth ya kampuni ya de Havilland ya Uingereza. Iliruka kwa mara ya kwanza mnamo Oktoba 1931, na zaidi ya 8,000 ziliundwa, nyingi kwa ajili ya kuwafunza marubani wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Mbavu za mabawa yake ni za mbao nyepesi. Juu yake hutandazwa kitambaa kinachoshonwa kwa mkono, kisha hupakwa dawa maalumu ambayo ikikauka hukivuta kitambaa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Fundi mzoefu hukigonga kwa kidole na kwa sauti yake tu hutambua kama kimeanza kulegea.

Ndege hiyo haina kitufe cha kuwashia injini. Magurudumu huzuiwa kwa kabari za mbao, kisha mtu mmoja husimama mbele ya propela na mwingine huketi kwenye usukani. Wa mbele huuliza iwapo swichi zimezimwa, naye wa ndani hujibu kwamba zimezimwa. Propela huzungushwa polepole mara kadhaa ili petroli iingie katika silinda nne.

Halafu amri hubadilika. Wa mbele hutangaza kwamba swichi ziwashwe, wa ndani huitikia, na propela huvutwa kwa nguvu kwenda chini huku aliyeivuta akirudi nyuma hatua moja kwa mguu alioutayarisha mapema. Anayekosea mpangilio huo anaweza kupoteza mkono au uhai. Kwa sababu hiyo maneno yale hayabadilishwi hata baina ya marafiki wa miaka ishirini, na hakuna mzaha unaoruhusiwa wakati huo.

Injini ikishawaka, rubani hukumbana na tatizo jingine. Ndege imeketia mkia wake, na pua imeelekezwa juu kiasi kwamba haoni kilicho mbele. Humlazimu kwenda upogo, kushoto na kulia, akichungulia pembeni. Tena Tiger Moth ya asili haina breki.

Yote haya ndiyo yanayomvutia mpenzi wa ndege kongwe. Ndege ya kisasa humficha rubani mambo mengi: kati ya mkono wake na bawa kuna mitambo ya umeme na programu za kompyuta zinazoamua kwa niaba yake. Katika ndege ya mbao na kitambaa, akisukuma usukani huona waya ukivutika na bawa likitii. Akikosea, hujua papo hapo, na hana wa kumlaumu.

Mtu wa namna hii hafurahii kuruka pekee. Mara nyingi hufurahia zaidi kuelewa. Injini ya Tiger Moth, iitwayo Gipsy Major, ina nguvu za farasi 130 na silinda zake zimepinduliwa kuelekea chini. Hupoozwa kwa upepo tu, na hudondosha oili kiasi cha kuwafanya mafundi wake wahofu pale isipodondosha, maana huenda imekwisha. Fundi mwenye subira anaweza kuifungua yote na kuijua kipande kwa kipande. Ni nani awezaye kusema hivyo kuhusu simu iliyo mfukoni mwake?

Nyika ya Kajiado, kwa upande wake, huongeza mtihani ambao marubani wa nyanda za chini za Uingereza hawakuujua. Eneo la Kitengela liko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Jua likiwaka na joto kufika nyuzi 28, hewa hupanuka zaidi, hata ndege ikawa kana kwamba iko karibu mita 2,450 kutoka usawa wa bahari.

Injini ya zamani inayovuta hewa bila msaada wa mtambo wa kuisukuma hupoteza karibu robo ya nguvu zake katika hali hiyo. Farasi 130 wa kwenye vitabu hubaki mia moja au pungufu. Mabawa nayo hupata hewa haba ya kukalia, kwa hivyo ndege hukimbia masafa marefu zaidi kabla ya kuinuka, na ikiinuka hupanda kwa kujikokota.

Ndiyo maana wenye ndege hizi huamka mapema kuliko wauza maziwa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, joto likiwa nyuzi 13 hivi, hewa bado imekaza na upepo haujaanza. Kufikia saa nne, mikondo ya hewa moto huinuka kutoka kwenye udongo mweusi, tumbusi wakaanza kuzunguka juu yake, na ndege nyepesi hurushwarushwa kama kishada. Wengi huwa wameshazirudisha bandani.

Banda lenyewe halimalizi wasiwasi. Jua la Ikweta hukiunguza kitambaa na kukifanya kikatike kabla ya wakati wake. Vumbi la kiangazi hupenya kwenye injini. Mchwa, ambao hawatofautishi kati ya nguzo ya ua na mbao za bawa, ni adui wa kudumu. Marubani wa porini wamezoea pia kuzungushia ndege zao miiba wanapolala nje, jinsi Wamaasai wazungushiavyo boma, kwa kuwa fisi hupenda kutafuna matairi.

Mbali na ufundi, kuna historia, na katika eneo hili historia ya ndege iko karibu sana.

Klabu ya Aero Club of East Africa ilianzishwa mwaka wa 1927, miaka miwili tu baada ya ndege ya kwanza ya jamii ya Moth kuruka nchini Uingereza. Ndege hiyo ilikuwa na mabawa yanayokunjwa, ikaweza kuhifadhiwa katika banda la gari, na kwa walowezi waliotenganishwa na mamia ya kilomita za njia mbovu ilikuwa kama jibu la dua.

Mwaka wa 1929, Florence Kerr Wilson, mjane aliyekuwa akiishi Kenya, alianzisha kampuni ya Wilson Airways akishirikiana na rubani Tom Campbell Black. Uwanja ambao leo huitwa Wilson ulipewa jina la mama huyo mwaka wa 1962.

Campbell Black ndiye aliyemfunza urubani Beryl Markham, aliyekulia Njoro. Mnamo Septemba 1936, Markham aliondoka Uingereza peke yake kuelekea magharibi na kuvuka Bahari ya Atlantiki usiku kucha dhidi ya upepo, hadi ndege yake ilipokwama katika kinamasi nchini Canada baada ya saa 21 hivi. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka bahari hiyo peke yake kutoka mashariki hadi magharibi.

Gharama ya enzi hiyo haikuwa ndogo. Machi 1928, Maia Carberry, rubani kijana, alifariki jijini Nairobi pamoja na mwanafunzi wake Dudley Cowie ndege yao ilipoanguka. Ndugu mdogo wa Cowie, Mervyn, ndiye aliyekuja kuongoza mbuga za taifa za Kenya tangu ile ya Nairobi ilipofunguliwa mwaka wa 1946. Mbuga ile ile ambayo wanyama wake huvuka Mto Mbagathi na kuingia Kitengela.

Kisha kuna kaburi lililo katika milima ya Ngong, ndani ya Kaunti ya Kajiado. Hapo amezikwa Denys Finch Hatton, mwindaji ambaye ndege yake aina ya Gipsy Moth iliangukia Voi mnamo Mei 14, 1931. Filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985 ilimfanya ajulikane ulimwenguni, na watalii hufika kuliona kaburi lake. Katika ajali hiyo alikufa pia mtumishi wake Mkikuyu, Kamau. Filamu haikumkumbuka, na ni wachache kati ya wageni wanaopanda Ngong ambao wamewahi kulisikia jina lake.

Hilo latosha kuonyesha kwamba mapenzi ya ndege za kale, hasa nchini Kenya, hayawezi kufumbia macho upande wa pili. Klabu za urubani za enzi ya ukoloni zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia kwenye banda kufagia, kusukuma na kuzungusha propela. Kuketi kwenye usukani halikuwa jambo lililofikiriwa.

Aidha, zipo ndege ambazo mashabiki wa Ulaya na Marekani huzishangilia katika maonyesho ilhali zina kumbukumbu tofauti kabisa katika Mlima Kenya. Harvard, ndege ya mafunzo yenye ngurumo kali, ni mojawapo. Mwaka wa 1953, wakati wa hali ya hatari, ndege za Harvard za jeshi la Uingereza ziliruka kutoka Mweiga, karibu na Nyeri, zikiangusha mabomu madogo katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya walimojificha wapiganaji wa Mau Mau. Baadaye mwaka huo ndege kubwa za Lincoln zilianza kutumwa kutoka Eastleigh, nazo zilibeba mabomu mazito zaidi, hadi 1955.

Kwa mzee wa Othaya au Murang'a aliyekuwa mtoto wakati huo, sauti hiyo haileti tabasamu. Mpenzi wa kweli wa ndege za kale hana budi kuijua habari hii pia, kwa sababu chuma na kitambaa havina hatia lakini vina wasifu. Kila ndege huwa na daftari linaloandikwa kila saa iliyoruka, kila kipande kilichobadilishwa na kila ajali iliyopata, na mwenye kuipenda hulisoma lote.

Daftari hilo pia huzua mjadala usiokwisha mabandani. Ndege iliyoundwa mwaka 1940 huenda imebadilishiwa kitambaa mara tano, injini mara tatu na bawa mara moja. Je, bado ni ile ile? Ni fumbo la mkulima anayeapa kwamba jembe lake ni la babu, ijapokuwa mpini umebadilishwa na bapa limebadilishwa. Wengi huafikiana kwamba kinachoirithisha ndege jina lake ni mfululizo wa watu walioitunza bila kuiachia ikafa.

Wala si kila ndege yenye umbo la kale iliyo pambo tu. Piper Super Cub, iliyoanza kuundwa mwaka 1949 kwa mabomba ya chuma na kitambaa, imetumiwa kwa miaka mingi na walinzi wa wanyamapori Kenya, kwani huenda polepole na hutua popote. Nchini Tanzania, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti wakiwa katika ndege aina ya Dornier Do 27 iliyopakwa milia ya punda. Michael alifariki katika ndege hiyo Januari 1959, ilipoanguka baada ya kugongana na tumbusi. Huduma ya madaktari warukao, iliyozaliwa mwaka 1957 na ambayo leo hujulikana kama Amref, ilianza kwa ndege ndogo na viwanja vya nyasi.

Mnamo Novemba na Desemba 2016, ndege zaidi ya kumi zilizoundwa kabla ya vita zilisafiri kutoka kisiwa cha Crete, Ugiriki, hadi Cape Town zikifuata njia ya marubani wa miaka ya 1930, na kupitia Kenya. Zilizuiliwa kwa muda Gambella, Ethiopia, kwa sababu ya vibali. Wasafiri wa kale wangeutambua mkasa huo mara moja.

Na sasa mvuto umepanuka. Maonyesho ya ndege yaliyofanyika katika bustani ya Uhuru Gardens, Nairobi, mnamo Mei 2022 yaliwavuta watu wa kila tabaka. Wapo vijana wanaokariri aina za ndege kwa sauti tu, na wapo waliojaribu kujiundia za kwao kwa injini za magari, wengine nyuma ya nyumba zao. Kizuizi kikubwa ni fedha. Petroli maalumu ya ndege ni ghali na haipatikani kila mahali, vipuri huagizwa ng'ambo, na bima pamoja na ukaguzi wa kila mwaka havimngoji mwenye mshahara mdogo. Wengi hujiunga watu watano au kumi na kununua ndege moja kwa ushirika, kila mmoja akapata zamu yake.

Lakini kuna tishio ambalo pesa haziwezi kulitatua kwa urahisi, nalo ni lile lile linalowakabili nyumbu.

Kati ya sensa ya 2009 na ile ya 2019, idadi ya wakazi wa mji wa Kitengela ilipanda kutoka chini ya 60,000 hadi zaidi ya 150,000. Mashamba ya malisho yamekatwakatwa kuwa ploti za futi 50 kwa 100, kila moja na ua wake wa seng'enge. Nyumbu waliokuwa wakihama kwa makumi ya maelfu katika miaka ya 1970 wamesalia wachache mno. Tangu mwaka 2000 ulikuwapo mpango wa kuwalipa Wamaasai wenye ardhi shilingi 300 kwa ekari kila mwaka ili wasiweke ua. Si vigumu kukisia ni kwa nini wengi walishawishika kuuza, mnunuzi wa ploti alipofika na bei yake.

Haitakuwa haki kumlaumu mwalimu au mfanyabiashara aliyepata hapo nyumba ambayo Nairobi asingeimudu. Hata hivyo kila paa jipya, kila mlingoti wa simu na kila waya wa umeme huondoa kitu ambacho ndege ya injini moja haiwezi kuruka bila kukitegemea: mahali pa kuangukia salama.

Rubani wa ndege kongwe hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba injini yake itazima siku moja. Ikizima, ndege huteremka polepole na huhitaji mita mia chache za ardhi sawa. Juu ya uwanda wazi, tukio hilo huishia kwa matope kwenye magurudumu na kisa cha kusimulia. Juu ya mtaa wa nyumba, huwahusu watu ambao hawakuchagua uraibu huo.

Anga nayo imejaa. Mnamo Machi 5, 2024, ndege ndogo ya mafunzo na ndege ya abiria iliyokuwa ikielekea Diani ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi, muda mfupi baada ya kuondoka Wilson. Mwanafunzi na mwalimu wake walifariki. Ndege ya abiria ilirudi na kutua salama. Eneo hilo limepakana na Kitengela, na tangu hapo kila rubani wa wikendi hutazama kushoto na kulia kwa makini zaidi.

Kabla ya kuruka, rubani hupiga hatua kuelekea mwisho wa njia na kuchagua kwa macho ni wapi atakapotua endapo injini itazima akiwa mita hamsini juu ya ardhi. Zamani alikuwa na pande zote za kuchagua. Siku hizi hutazama mashariki, huona mabati mapya yanayong'aa kwenye jua la asubuhi, na hugeukia upande mwingine.